Alikotoka Kabla ya Hapo Sifahamu

Auleria alikuwa mjumbe wa nyumba kumi kule Bunju kwa miaka kumi na minne. Katika miaka hiyo aliamua ugomvi wa mipaka, mbuzi waliokula mchicha wa watu, wanandoa waliotupiana vyombo nje, na mpangaji mmoja aliyefuga nyuki chooni. Ukimuuliza leo anakumbuka nini zaidi, hataji hata kimoja kati ya hivyo. Anavuta kanga yake begani, anatazama chini, halafu anasema, "Kuna barua moja niliiandika vibaya." Wengi hudhani anazungumzia makosa ya kalamu. Naye hawasahihishi.

Mwandiko wake ndio uliompa cheo cha ujumbe. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na herufi zake zilikaa kwenye mstari kama zimepigwa chapa. Yeye na mumewe Projestus walinunua kiwanja Bunju wakati bado ni mikorosho na vichaka, na ukitaka maji unayafuata kwa mguu. Walipoanza kuongezeka majirani, watu walisema hapa anahitajika mtu wa kuandika vizuri na asiyepayuka. Wakamtaja Mama Isack. Isack ndiye mtoto wake wa kwanza, na jina lake mwenyewe la Auleria lilibaki kwenye vyeti na kanisani.

Mwaka 2006 alihamia jirani ambaye mtaa mzima ulimshangaa. Husain Remtulla alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi barabarani, na watu walizoea kwamba Mhindi anakuja Bunju kufungua duka asubuhi na jioni anarudi zake mjini. Huyu akajenga. Alipoulizwa, alijibu kwamba wamechoka kuishi ghorofa ya nne watu saba, na mkewe anataka udongo. Na kweli, Zarin, mkewe, hakumaliza mwezi kabla hajapanda milimau, pilipili na mchaichai nyuma ya nyumba. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa kucheka, na Kiswahili chake kilimfanya Bi Mauwa, muuza vitumbua wa pale kona, aache kukoroga uji wake na kugeuka kumtazama.

"We mama, Kiswahili hicho umekitoa wapi?"

"Lindi, mama. Nilizaliwa Lindi, nimekulia Lindi. Nilikuja Dar kuolewa tu."

Urafiki wa Auleria na Zarin haukuwa na siku ya kuanza. Ndizi za kwao Auleria zikifika na basi, mkungu mmoja unaenda kwa Mama Sania. Sania ni binti pekee wa Zarin. Mwezi wa Muharamu ukifika, wanawake wa madhehebu yao ya Shia walikusanyika sebuleni kwa Zarin siku kumi mfululizo, wamevaa nyeusi, wakisomewa habari za mjukuu wa Mtume aliyeuawa Karbala, wakilia. Wakimaliza, sahani ya biriani na jagi la sharubati huenda kwa mjumbe. Mwaka mmoja Zarin alimwambia, "Kwa nini uletewe? Njoo ukae." Auleria akaenda, akakaa kwenye zulia pembeni, hakuelewa maneno maana yalikuwa ya lugha yao, lakini machozi aliyaelewa, na yeye akajikuta anafuta macho kwa ncha ya kanga.

Halafu mwaka 2014 Projestus alianguka bafuni, upande mmoja ukafa. Husain alishusha mifuko ya saruji iliyokuwa kwenye pikapu yake, wakamlaza mgonjwa kwenye godoro, wakaenda. Alikaa hospitali siku tisa kabla hajafariki. Siku tano kati ya hizo Zarin alikuja asubuhi na chupa ya chai, akakaa na Auleria kwenye benchi la nje ya wodi mpaka saa ya kuona wagonjwa. Watu wawili wakikaa benchi moja siku tano, huzungumza yote. Hapo ndipo Zarin alipomsimulia habari za duka la baba yake karibu na soko la Lindi. Jinsi baba alivyochukua uraia baada ya Uhuru na kuiweka ile karatasi kwenye fremu ukutani kama picha ya harusi. Jinsi nyumba ilivyoungua mwaka 1979 na fremu na vyeti vyote vikaungua nayo. Jinsi mama yake alivyozikwa kule kule. Alimtajia mpaka mwalimu wake wa darasa la kwanza, Mwalimu Hamisa, aliyekuwa akiwachapa kwa rula ya mbao. Alimtajia pia kaka yake Akbar, aliyehamia Mombasa kufanya kazi kwa mjomba wao na akabaki huko. "Ndiye aliyenibeba mgongoni siku nyumba inaungua," Zarin alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na tatu, mkubwa mzima, lakini miguu ilikataa."

Auleria aliyasikia yote hayo kwa masikio yake. Ni muhimu tulishike hilo.

Ukaja mwaka 2017. Redio zilijaa habari za watu wasiojulikana huko kusini mwa Dar waliokuwa wakivamia polisi na kuua viongozi wa vijiji, wenyeviti na watendaji, watu wa daftari na muhuri kama yeye. Hakuna aliyejua ni akina nani na wanataka nini, na asiyejua hujaza mwenyewe. Isack alimpigia mama yake kutoka Tabata. "Mama, huo ujumbe unakupa nini? Waachie wenyewe." Auleria alimcheka, lakini kuanzia siku ile alianza kufunga geti kwa kufuli mchana kweupe.

Mwenyekiti wa mtaa, Daniel, kijana mwenye heshima na asiyependa makelele, aliitisha mkutano Jumapili alasiri kwenye darasa la shule ya msingi. Ajenda ilikuwa moja: ulinzi, na kuwatambua wageni. Watu wazima walibanana kwenye madawati ya watoto. Auleria alikaa mbele na daftari la kumbukumbu.

Mzee Gaspar ndiye aliyesimama wa kwanza. Alikuwa askari magereza mstaafu, mtu wa Moshi, mnyoofu wa mwili na wa maneno.

"Mie sina ugomvi na dini ya mtu," alisema. "Nimefanya kazi na watu wa kila dini. Lakini mwezi wa nne nimezika. Mtoto wa kaka yangu, askari polisi, miaka ishirini na sita, kapigwa risasi yuko kazini. Nimembeba mwenyewe kaburini. Kwa hiyo mtu asiniambie habari za kuoneana aibu. Kila nyumba inayokusanya watu wa ibada, watu wageni, iandikishe majina kwa mjumbe. Na mwenye asili ya nje alete karatasi zake. Kama ni safi, anaogopa nini?"

Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumjibu mtu aliyetoka kuzika. Kisha sauti ya kijana ikatoka nyuma: "Si huyo Mhindi wa duka! Muharamu yao magari kumi na tano, wanawake nguo nyeusi tii, wanalia humo ndani. Wanamlilia nani?"

Watu wakacheka. Husain alikuwepo, kwenye dawati la tatu, magoti yamemfika kidevuni. Akasimama taratibu.

"Tunamlilia mjukuu wa Mtume. Tumemlilia miaka elfu moja na mia tatu, na hatujawahi kumdhuru mtu kwa kulia kwetu. Mlango wangu uko wazi, anayetaka aje asikilize. Mjumbe mwenyewe ameshaingia, amekaa na wake zetu, amekula. Muulizeni."

Macho yote yakamgeukia Auleria.

Angeweza kusema neno moja tu: ni kweli. Angeweza kusema, mie nimekaa pale, ni wanawake na watoto na biriani. Badala yake aliinamisha kichwa juu ya daftari na kuandika, kana kwamba maneno ya Husain ni mengi mno na yanamchelewesha mkono. Husain alisubiri kidogo, akakaa.

Aliyesema ni Bi Mauwa. "Jamani, mie Muislamu lakini siswali kama wao, na sheikh wetu hawapendi hata kidogo. Sitetei mtu. Ila nauliza. Jumuiya yenu ya kanisa, ya Jumamosi kwa mjumbe, si mnakuja watu thelathini na vinanda? Wengine mnatoka Boko, mnatoka Tegeta, mie siwajui. Orodha yenu iko wapi?"

"Jumuiya inajulikana," alisema Mzee Gaspar.

"Inajulikana na nani?"

"Inajulikana, Bi Mauwa."

"Na wale walokole wanaokesha na spika? Nao wanajulikana? Kama ni daftari, liwe la wote. La sivyo, semeni tu kwamba mnamtaka mtu fulani, tujue moja."

Walibishana mpaka jua likaanza kushuka. Wengine walisema usalama wa nchi unatangulia, haki baadaye, kwa sababu maiti hana haki. Wengine walisema ukianza na wa dini hii utamaliza na wa kabila lile. Mwishoni Daniel alitamka uamuzi: kila nyumba yenye mkusanyiko wa ibada itaandikisha watu wake, bila kubagua. Watu wakapiga makofi, wakaenda nyumbani wakijisikia wametenda haki.

Lakini nyumba iliyofuatwa na daftari ilikuwa moja. Auleria alienda kwa Zarin Jumanne, akakaa kochini, Zarin akamtajia majina arobaini na moja ya wanawake, na mahali wanapokaa, huku akimkatia embe. "Andika vizuri hilo, lina *z* mwishoni," alimwambia akicheka. Jumamosi yake jumuiya ilikutana sebuleni kwa Auleria mwenyewe, wakaimba, wakanywa chai, na daftari likabaki kabatini.

Kwa nini? Mtu aliyekaa kwenye zulia la Muharamu, aliyebebewa mume kwenye pikapu, kwa nini akanyamaza?

Auleria hakuwa mtu wa Bukoba, ingawa ndivyo alivyojibu kila alipoulizwa. Alizaliwa Ngara, kwenye kilima ambacho ukisimama nyuma ya nyumba unauona moshi wa majiko ya Burundi. Miaka minne kabla ya mkutano ule, wakati wa msako wa wahamiaji haramu mkoani kwao, mama yake, ajuza wa miaka sabini na kitu, alichukuliwa shambani akaambiwa siyo wa hapa. Sura yake, walisema. Lafudhi yake. Alikaa siku mbili kwenye uwanja wa shule na kifurushi cha nguo, pamoja na wengine, akisubiri lori, mpaka padri wa parokia na mzee mmoja wa kijiji walipokuja kuapa kwamba mwanamke huyu alibatizwa hapa, aliolewa hapa, na wanamjua mpaka bibi yake. Akarudishwa nyumbani. Miezi kadhaa baadaye akafa, na Auleria hakuacha kuamini kwamba zile siku mbili ndizo zilizomuua.

Mtu angetegemea kwamba mwanamke wa namna hiyo ndiye atakayesimama wa kwanza. Hofu haifuati hesabu hizo. Tangu siku zile Auleria alikuwa na woga uliojificha mahali, kwamba akisimama kumtetea mtu anayeulizwa asili yake, wataanza kumtazama na yeye: pua, urefu, jinsi anavyotamka maneno fulani. Wewe nawe mjumbe, kwani kwenu hasa ni wapi?

Februari 2018 Zarin aliingia kwa Auleria asubuhi, uso umemshuka. Akbar anaumwa figo. Anasafishwa damu mara mbili kwa wiki huko Mombasa, na amesema anataka kumwona dada yake.

"Nataka pasipoti, Mama Isack. Ile ya zamani ilikwisha kitambo, wamesema haitoshi, na sasa wanataka kwanza kitambulisho cha taifa. Mie walipoandikisha mara ya kwanza sikwenda, nilikuwa namwuguza mama mkwe. Cheti cha kuzaliwa sina, unajua habari yake. Wamesema nilete barua ya mjumbe, aseme ananifahamu vipi na asili yangu anaijuaje."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Lakini ni la haraka, dada yangu."

"Pita kesho. Nitaandika vizuri."

Saa saba mchana ule Mzee Gaspar alipita kumletea taarifa ya sungusungu. Aliona karatasi na kalamu mezani, akauliza, akaambiwa. Hakutisha wala hakukaripia. Aliongea kama mtu anayemtakia mwenzake mema.

"Mwalimu, sikukatazi. Ila mie nimekaa kwenye mambo ya serikali miaka thelathini. Siku hizi ukimwekea mtu saini, ukija kuulizwa, ni wewe. Watakuuliza ulikuwepo akizaliwa? Andika unachokijua kwa macho yako, basi. Usijibebeshe."

Aliondoka. Auleria alikaa mbele ya karatasi muda mrefu. Alianza barua ya kwanza iliyokuwa na Lindi ndani, na duka, na moto, na Mwalimu Hamisa. Akaisoma, akaona jinsi inavyomfunga. Akaichana. Kisha akaandika nyingine kwa ule mwandiko wake mzuri: *Namfahamu mtajwa kama jirani mwema tangu mwaka 2006. Alikotoka kabla ya hapo sifahamu.*

Akagonga muhuri. Akaitia kwenye bahasha, akaibandika kwa gundi.

Kesho yake Zarin alikuja na kikapu cha ndimu. Aliipokea ile bahasha kwa mikono miwili, akaibusu kwa mzaha. "Mungu akulipe," alisema, akaenda nayo mwenyewe mpaka ofisi ya vitambulisho.

Ofisa aliifungua mbele yake akaisoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo alivyozoea kufanya. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwa upole kwamba kwa maelezo haya mikono yake imefungwa, na kwamba arudi na ushahidi kutoka huko anakosema alizaliwa.

Jioni Zarin alisimama mlangoni kwa Auleria. Hakuingia.

"Mama Isack, pale kwenye benchi la hospitali nilikwambia nini?"

"Mama Sania, niliandika kwa tahadhari tu. Siku hizi mambo yamekuwa... Si kwamba sikuamini."

"Nilikuuliza nilikwambia nini."

Zarin alimtazama kidogo, kama mtu anayetafuta namba ya nyumba aliyoambiwa ipo na haioni. Kisha akasema, "Haya," akaondoka.

Husain alisafiri kwenda Lindi. Ilikuwa masika, akalala njiani siku mbili. Alipofika, aliambiwa daftari za shule za miaka ile zipo ila ziko stoo na mwenye ufunguo hayupo. Akarudi. Akaenda tena. Mwalimu Hamisa alipatikana, hai, kikongwe, anakumbuka kila kitu ila hawezi kusimama kwenda kuapa. Wiki zikageuka miezi.

Na Auleria? Kila asubuhi alijiambia leo ataandika barua ya pili. Ikawa Kwaresima, akasema amalize Kwaresima. Ikawa kuna maandalizi ya harusi ya Isack. Ikawa anaona aibu kumwendea Daniel na kusema ile ya kwanza haikuwa kweli. Ni rahisi sana kuahirisha jambo ambalo hakuna anayekudai kwa sauti, na Zarin hakumdai. Waliamkiana asubuhi, habari za leo, nzuri, na milango ikafungwa.

Akbar alifariki Alhamisi moja mwezi wa tano. Kwao maiti hailazwi. Kabla ya magharibi alikuwa ameshazikwa, na dada yake alishuhudia mazishi kwenye simu ya Sania, picha ikikatikakatika, mtu wa kule akiinua mkono juu ya vichwa vya wanaume ili Bunju waone. Auleria alikuwa anaanua nguo aliposikia kilio. Alikuwa ameshazoea kilio cha nyumba ile, kile cha Muharamu kinachopanda na kushuka pamoja. Hiki kilikuwa cha mtu mmoja.

Alijifunga kanga akaenda. Sania alimfungulia, macho mekundu. "Shikamoo mama. Karibu." Sebule ilikuwa imejaa wanawake wa nyeusi, wale wale arobaini na moja aliowaandika majina. Wakamsogezea nafasi. Zarin alikuwa amekaa ukutani, miguu ameikunja. Mwanamke mmoja mgeni aliinama akamwuliza kwa Kiswahili huyu ni nani.

"Huyu ni mjumbe wetu," alisema Zarin.

Mwaka mmoja nyuma angesema dada yangu. Auleria alikaa pale saa nzima, na kati ya wote waliokuwemo hakuna aliyemwonyesha ubaya hata kidogo. Ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe.

Aliandika barua ya pili baada ya hapo, kurasa tatu. Ilikuwa na duka karibu na soko, na fremu ukutani, na moto wa 1979, na kaburi la mama, na rula ya mbao. Hakumpa mtu aipeleke. Alivaa viatu vyake vya kanisani akaenda nayo mwenyewe. Ofisa alikuwa mwingine sasa, dada mdogo tu, mwenye miwani. Alisoma zote tatu, akaitoa ile barua ya kwanza kwenye jalada, akaziweka sambamba.

"Shikamoo tena, mama. Samahani. Haya yote ulikuwa unayajua Februari?"

"Nilikuwa nayajua."

"Sasa mbona hukuandika?"

"Niliogopa, mwanangu."

"Uliogopa nini?"

Auleria akamweleza: Ngara, uwanja wa shule, kifurushi cha nguo. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema hayo mbele ya meza ya ofisi. Yule dada alivua miwani akaifuta, akavaa tena. "Nitaziambatanisha," alisema. "Pole, mama."

Kitambulisho kilitoka Septemba, kwa barua ile pamoja na ukurasa wa daftari la shule ambao Husain hatimaye aliupata. Pasipoti ikafuata. Zarin akaenda Mombasa, akakaa wiki mbili, akaona kaburi.

Kwenye mkutano wa mtaa wa mwisho wa mwaka Auleria aliomba nafasi. Alisema kwamba uamuzi wa daftari ulikuwa wa nyumba zote na yeye akaupeleka kwa nyumba moja. Alisema alipoulizwa kama aliwahi kuingia kwa Zarin alinyamaza, na jibu lilikuwa ndiyo. Alisema mama yake alikuwa nani na yalimpata yapi. Sauti yake, iliyozoea kufundisha watoto sitini, ilikuwa ndogo kiasi kwamba waliokaa nyuma walisogea mbele. Kisha akakabidhi muhuri.

Nje, Mzee Gaspar alimsubiri. Alikuwa amekonda mwaka ule.

"Mwalimu, habari za mama yako. Ungetuambia siku ile."

"Ndiyo. Ningewaambia siku ile."

"Mie nisingesema vile nilivyosema."

"Ungesema, Mzee Gaspar. Ulikuwa umetoka kuzika. Mie ndiye niliyekuwa na la kujibu."

Mzee Gaspar akaitikia kwa kichwa, wakatembea pamoja mpaka kona. Daftari la wageni halikuulizwa tena na mtu. Hofu ya mwaka ule ilipita kama ilivyokuja, na leo ukiwauliza vijana wa Bunju kuhusu mkutano ule, wengi hawaukumbuki.

Husain alifariki wakati wa korona. Sania aliolewa akahamia mjini, na Zarin, magoti yanamuuma, amebaki na msichana wa kazi na milimau yake. Kila Jumatano Auleria humtembelea. Wanazungumza habari za magoti, gesi iliyopanda, wajukuu wasiokula mboga. Ni mazungumzo mazuri, na Zarin hucheka kama zamani, karibu kama zamani.

Mara moja tu, mwaka jana, Auleria alijikaza akalitaja. Alisema, "Mama Sania, ile barua. Naomba unisamehe."

Zarin alikuwa anachambua mchele. Hakuacha.

"Nilishakusamehe siku nyingi, Mama Isack. Nilikusamehe Mombasa, nimekaa pale kaburini. Nilimwambia na Akbar." Akatoa chuya, akaitupa. "Ila siku hizi nikiwa na jambo, kabla sijakwambia, huwa nafikiria kwanza. Zamani nilikuwaga sifikirii. Hilo sijui nilifanyeje."

Auleria alisema anaelewa. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha, ile nyepesi ya vuli, na msichana wa kazi akakimbia kuanua nguo. Zarin akasukuma ungo katikati ya meza ili wachambue wote wawili, na Auleria akavaa miwani yake, akasogeza kiti.